Ilibaki Herufi Moja

Binti wa marehemu kaka yangu alianza kuuza viatu kabla hajajua kufunga kamba za vyake. Mama yake aliolewa kwingine, mtoto nikamchukua mimi, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwachia nyumbani, nikamlea dukani katikati ya marobota. Duka lenyewe ni la mitumba. Viatu vinaning'inia kwenye misumari hadi darini, vingine vimejipanga chini kwa saizi, na harufu ya dawa ya viatu haitoki hata ufue pazia kila siku.

Sikumfundisha mengi. Nilimfundisha kwamba mteja akifungua mdomo, asiachwe amalize sentensi peke yake. Sentensi ya mteja ukiiacha ijiendee, mwisho wake huwa ni "ghali". Kwa hiyo akisema, "Hiki naona ni…", wewe wahi: "kigumu, mama, hicho utamrithisha mjukuu." Akisema, "Ningechukua, ila…", wewe wahi: "ila unataka cheusi, nacho kipo, kaa nikuletee."

Mtoto alilishika somo kuliko mwalimu wake. Bado anavaa sare ya shule ya msingi, tayari anawamalizia watu wazima maneno yao, nao wanacheka na kulipa. Wachukuzi wa sokoni wakambandika jina la Chapchap, na hadi leo likitajwa jina lake la cheti huwa anachelewa kugeuka.

Chuoni alichagua kusomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nikamwuliza, uhasibu una kosa gani?

"Shangazi, mimi nina mdomo. Kazi ya mdomo ndiyo yangu."

Sikubisha. Mwaka wa pili wakatakiwa kwenda kusaidia mahali, naye akapangiwa zahanati yenye mpango wa Jumamosi kwa watoto wenye shida ya kusema. Kuna wenye kigugumizi, wenye kitembe, wanaosema "tata" wakimwita kaka, na wale ambao maneno yao yamechelewa tu, yako njiani yanakuja.

Chumba kilikuwa stoo ya dawa zamani. Walikipaka rangi nyeupe, wakatundika kioo chini kabisa, usawa wa uso wa mtoto, ili aone ulimi wake unavyokwenda. Mezani kuna mirija na vipande vya pamba. Mtoto anapuliza pamba kwa mrija mpaka ivuke meza, anadhani anacheza, kumbe anafunzwa kusema "p". Anayeuendesha mpango ni mama mmoja mwembamba, mtaalamu wa usemi, anayetamka maneno kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Watoto wanamwita Mwalimu.

Siku ya kwanza Mwalimu alimpa Chapchap sheria yake. "Neno la mtoto ni lake. Usimmalizie."

"Hata nikilijua?"

"Hasa ukilijua."

Jioni Chapchap alikuja kunisimulia huku akipanga ndala. "Mtoto anahangaika na 'ma-ma-ma-maji', mimi nimkodolee macho tu kama sanamu? Si roho mbaya hiyo, shangazi?"

Nikamjibu kwamba hata mimi naiona ni roho mbaya. Dukani kwangu, anayemwacha mteja ahangaike hamalizi wiki.

Basi akawa anawamalizia. Watoto walimpenda, kwani ya nini kujitwisha neno zito wakati mpagazi yupo? Kina mama waliosubiri kwenye benchi nje walimpenda zaidi. "Huyu binti anasikia hata yasiyosemwa," wakasema, na yeye sifa zilimkaa vizuri. Mwalimu peke yake ndiye hakuridhika. Jumamosi moja akatoa pipi mkobani.

"Weka mdomoni. Mtoto akianza kusema, wewe nyonya. Ikiisha ndiyo useme."

Chapchap akaitia mdomoni, akaitafuna, krr, krr. "Tayari, Mwalimu, imeisha."

Watoto walicheka mpaka pamba zikapeperuka mezani. Mwalimu naye alicheka, lakini pipi ya pili hakutoa.

Miongoni mwa watoto wale alikuwepo binti wa fundi redio, mdogo, mwenye macho ya kukagua. Yeye shida yake ilikuwa kigugumizi. Na Kiswahili hakimhurumii mwenye kigugumizi, kwa sababu kila unalotaka kufanya linaanza na "ku": kula, kulala, kucheza, kukimbia. Mtoto akikwama pale mlangoni, "nataka ku-ku-ku", aliyesimama upande wa pili ana lugha nzima ya kuchagua. Watoto wa mtaani kwao walikwisha kuchagua, walimwita Kuku. Akipita wanapiga viwiko kama mbawa. Wakubwa nao walikuwa na lao: fundi anafufua redio za watu, ya kwake mwenyewe haishiki stesheni. Fundi alikuwa anacheka pamoja nao, kicheko cha mtu anayelipa ushuru ili apite.

Kwa Mwalimu, yule mtoto alikuwa ameanza kufunguka. Asipokimbizwa, sentensi nzima ilikuwa inatoka, imechubuka lakini nzima. Na kati ya wote pale alimchagua Chapchap, akawa anashika pindo la gauni lake wanapotembea. Chapchap alilihesabu hilo kuwa ushindi.

Ikaja siku ya wazazi. Zahanati ilitandaza turubai uwanjani, ikakodi viti na kipaza sauti, na kazi ya kuongoza shughuli akapewa Chapchap, nani mwingine mwenye mdomo kama wake? Akanialika. Nilifunga duka, jambo ambalo silifanyi hata nikiumwa, nikakaa safu ya pili.

Watoto walisimama mstari mmoja juani wakasema shairi lao kwa pamoja:

Mvua yanyesha, pa pa pa,
Juu ya bati, ta ta ta.

Hakuna aliyekwama. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba ndivyo ilivyo, wenye kigugumizi wakisema kwa umoja maneno huteleza. Watu wakapiga makofi. Mimi nikikaa mahali siangalii nyuso, naangalia miguu, ni maradhi ya kazi. Nikaona binti wa fundi redio amevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa sana, na amesimama kwa ubavu wa nyayo. Ananyanyua mguu huu, anaushusha, ananyanyua ule. Nikajisemea moyoni, kile kiatu ni kidogo, yule mtoto anaungua. Nikaishia hapo. Haikuwa biashara yangu siku ile.

Hotuba zilikuwa ndefu na watoto hawakuambiwa waondoke. Mwishowe mgeni rasmi, mzee mwenye tai na tumbo la kuitegemeza, akachangamka. "Na nani atatukariria peke yake?"

Hapo ndipo binti wa fundi alipovuta pindo la gauni la Chapchap. Nilimwona kwa macho yangu. Akainua uso na kusema, "Dada, na-nataka ku-ka… ku-ka…"

"Kukariri!" Chapchap akamalizia ndani ya kipaza sauti. "Jamani, anataka kukariri peke yake! Makofi!"

Makofi yakapigwa, hata mimi nilipiga. Fundi redio alinyanyuka kitini akakaa tena, uso umejaa nuru ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Mtoto akatikisa kichwa. Watu wakadhani ni aibu za kitoto, wakaongeza makofi. Chapchap akamsogeza mbele kwa bega, akamshushia kipaza sauti mpaka mdomoni.

Yule mtoto hakuanza shairi. Alikuwa bado anatafuta neno lake lile lile. "Ku-ka," kipaza sauti kikasema, na spika zikalipeleka mpaka barabarani. "Ku-ka… ku-ku-ku…"

Nyuma ya viti mvulana mmoja akapiga kelele, "Kuku!" na mwingine akawika. Wakubwa hawakucheka waziwazi. Walikohoa, na kuna kikohozi ambacho ni kicheko kilichovaa koti.

Mtoto akafunga mdomo. Kukawa kimya, kile kimya ambacho muuzaji yeyote anakiogopa, na Chapchap akafanya alichozoea kufanya kimya kikiingia. Alikijaza. Akashika kipaza sauti, akalisema shairi lote yeye, kwa sauti tamu, pa pa pa kwa mkono mmoja, ta ta ta kwa mwingine, huku mtoto amesimama kando yake kama mzigo uliosahauliwa stendi. Uwanja ulilipuka. Mgeni rasmi alisimama kumpigia makofi. Chapchap akainama kidogo kushukuru, na alipoinuka macho yake yakakutana na ya fundi redio. Ile nuru ilikuwa imezimwa.

Chapchap nilimkuta nyuma ya jengo, bombani, anasaidiana na Mwalimu kuosha vikombe.

"Nani alikwambia anataka kukariri?" Mwalimu alikuwa anauliza.

"Mwenyewe."

"Alisema?"

"Alianza kusema. Ku-ka, Mwalimu. Ni nini kingine?"

"Kukataa ni ku-ka. Kukasirika ni ku-ka. Hata kukanyagwa ni ku-ka." Mwalimu alifuta kikombe mpaka kikakauka ndipo akaendelea. "Mimi sijui alitaka kusema nini. Wewe pia hujui. Sasa hatutajua."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza, maana ugomvi unajibika.

Jumamosi iliyofuata binti wa fundi alikuja, akapuliza pamba, akatazama kioo, lakini neno hakutoa, hata "p". Pindo la gauni hakulishika. Jumamosi ya baada ya hapo hakuja. Wakati huo huo mzazi mmoja alikuwa amerekodi shughuli kwa simu na kuisambaza, na kila asubuhi zinaingia hongera: "Binti ana kipaji!" "Mungu azidi kumtumia!" na maua na mikono ya makofi. Kila simu ikilia, Chapchap alikuwa anaigeuza kifudifudi. Akawa anaosha vyombo kunipa mgongo. Nikimwita mbele ya wateja anatokea uso umeinama, kama mtu aliyevaa nguo kumbe imechanika nyuma na anadhani kila mtu anaona.

Mimi sipendi kitu kukaa bila kuuzika. Nikamwambia, "Kaombe radhi, na usiende mikono mitupu. Hata msamaha una mahali pa kuanzia." Nikampa viatu vizuri vya mtoto, karibu vipya. Saizi alikisia.

Fundi redio ana kibanda kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo, na siku hiyo alikuwa ameinamia moja akichoma waya. Nyuma yake kuna pazia, na chini ya pazia vidole vidogo vya miguu. Haya nayasema kama alivyonisimulia Chapchap mwenyewe, amekaa juu ya robota, hajavua hata mkoba.

"Shikamoo mzee," alisema, na akafululiza. Kosa ni lake, hakukusudia, anamwona mtoto kama mdogo wake, haki ya Mungu tangu siku ile chakula hakipiti, na Mwalimu anamuulizia, na wenzake wanamuulizia, na hivi hapa viatu.

Fundi alingoja mpaka pumzi ikamwishia. "Marahaba. Mwanangu, sisi hatu…"

"Hamna kinyongo, najua mzee, lakini mimi…"

"Sikuwa nasema hivyo."

Chuma cha moto kinatoa moshi.

"Ulikuwa unasemaje, mzee?"

"Nilikuwa nasema hatutakuja tena."

Chapchap aliniambia hapo alisikia masikio yanawaka kama amechapwa. Alikuja kuomba msamaha kwa kosa, na kosa lenyewe akalileta nalo, akalifanya tena mbele ya mwenyewe. Vile vidole chini ya pazia vilirudi nyuma, havikuonekana tena.

"Viatu rudi navyo," fundi akasema. "Akihitaji viatu nitamleta dukani kwenu kama mteja mwingine. Na atachagua mwenyewe."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini nilipoyapitia niliona yote ni ya kuuzia viatu.

Tangu hapo akabadilika, na sikufaidika. Alinunua mfuko wa pipi. Mteja akiingia, anatia moja mdomoni na kunyamaza. "Hiki naona ni…" mteja anasema, anatazama huku, anatazama kule, hakuna wa kumwokoa, anafika mwenyewe: "…ghali." Na anaondoka. Nikamwambia, "Utatufilisi kwa utamu." Hakucheka. Kule Jumamosi aliendelea kwenda, na Mwalimu alisema sasa anasaidia kweli, lakini nikimpa salamu hizo alikuwa ananijibu, "Yule hajarudi, shangazi," kana kwamba wale wengine wote walikuwa chenji.

Kisha siku moja mchana, jua limewafukuza wateja, wakaingia fundi redio na binti yake.

Chapchap alikuwa anapanga buti. Nilimwona anatazama mlango wa nyuma. Akatazama chini. Pipi zilikuwa mkobani, mbali. Akabaki amesimama, buti mkononi.

"Karibu fundi," nikasema.

"Asante, mama. Tumekuja kwa viatu vya mtoto."

Mtoto alizunguka duka lote, mikono nyuma kama mkaguzi. Akafika kwenye viatu vya kahawia vyenye kifungo, akavigusa. Akavichukua, akageuka, na aliyekuwa karibu ni Chapchap.

"Na-nataka ku…" akasema. "Ku-ka…"

Kujaribu, nikawaza, hapana, ku-ka. Kukagua? Kukadiria bei? Maneno yalinijaa mdomoni mpaka meno yakawasha. Bahati yangu nilikuwa nimeng'ata kamba ya kiatu nikifungua fundo, nikaing'ata zaidi. Fundi alikuwa anatazama sakafu. Chapchap hakusogea. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, midomo ameibana mpaka imekuwa mstari, lakini macho hakuyaondoa kwa mtoto. Barabarani mkokoteni ulipita, na mlio wake ukaisha.

"Ku-ka… ku-ka…" Mtoto akavuta pumzi kama walivyomfundisha mbele ya kioo. "…a. Kukaa."

Anataka kukaa. Mtu anakaa ndiyo ajaribu kiatu, hata mimi kila siku nawaambia wateja wakae.

Chapchap akamletea kigoda. Mtoto hakukaa mara moja. Alimtazama.

"Ha-hata siku ile," akasema. "Vi-viatu vilikuwa vi-vinauma. Nilitaka kukaa."

Nimeuza sokoni miaka mingi, nimewaona watu wakikamatwa na bidhaa za wizi mikononi. Sijaona uso ukishuka vile. Ilibaki herufi moja tu. Angenyamaza kwa muda wa kusema "a", mtoto angepewa kiti, akakaa, tukaendelea na hotuba. Na mimi, mwenye macho ya miguu, nilikuwa safu ya pili.

"Pole," Chapchap akasema. Nilingoja aendelee, hakuendelea. Alipiga magoti akamfungua mtoto viatu vya zamani, akamvalisha vya kahawia, akafunga kifungo. Vidole vilikuwa na makovu mekundu pembeni. Aliyaona, na mikono yake ikawa mizito.

Mtoto akasimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi.

"Vi…" akaanza. "Vi-vi…"

Vile viatu vilikuwa vimekaa dukani muda mrefu, nilitaka viondoke. "Vinatosha" inaanza na "vi". "Vinapendeza" nayo. Wateja wangu wote wanajua kwamba katika maisha yangu sijawahi kuiacha "vi" ya mteja iende peke yake. Kamba ilikuwa imekwisha kunitoka mdomoni. Nikamtazama Chapchap, naye, bado amepiga magoti, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa mara moja tu. Nikafunga mdomo wangu.

"Vi-vi-vina…" mtoto akasema, "…bana."

"Haya," akajibu Chapchap, akaanza kufungua kifungo.

"Le-lete vingine."

Akaenda kuleta vingine.